Picha ya Mtaa na Jina Lililo Chini Yake

Somo kwa vijana wanaojifunza kupiga picha za michezo na habari kwa gazeti la jamii, Wadi ya Kondele

Jioni yoyote penye mechi Kondele, simu zilizoinuliwa pembezoni mwa uwanja huwa nyingi kuliko wachezaji walio ndani. Picha hupigwa kwa mamia, hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na kufikia asubuhi zimefunikwa na nyingine. Baada ya wiki moja ni vigumu kumpata mtu anayeweza kusema picha fulani ni ya mechi gani, nani alifunga, au kipa aliyelala chini ni mtoto wa nani.

Hapo ndipo gazeti la jamii linapomhitaji mpigapicha. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba asiyekuwepo anaelewa, na aliyekuwepo anakubali kuwa ndivyo ilivyokuwa. Somo hili linaeleza jinsi ya kuanza kazi hiyo hata kwa simu ya kawaida, na mipaka ambayo mpigapicha hafai kuivuka.

Kwa nini mtaa uwe na wapigapicha wake

Jina la Kondele limefika mara nyingi kwenye magazeti ya taifa, na mara nyingi ni kwa sababu moja. Wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, baada ya uchaguzi wa 2017, na tena katika maandamano ya 2023, nchi nzima ilionyeshwa tairi linalowaka na mawe barabarani. Picha hizo zilikuwa za kweli. Kasoro ni kwamba siku nyingine za mwaka hazikupata mpigapicha: fundi wa jua kali akichomelea lango, mama akianika omena, timu mbili za vijana zikigombania kombe, mtaro ulioziba ukimwaga maji mlangoni mwa watu. Aliye mbali na anayeona picha za aina moja tu huamini kwamba Kondele yote ni moshi. Kijana anayetuma barua ya kuomba kazi, anwani ikiwa Kondele, hubeba mzigo wa picha ambazo hakuzipiga.

Njia ya kurekebisha hilo imewahi kujaribiwa hapa Kenya, na ilianza na michezo. Mwaka 1997, vijana wa chama cha michezo cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa 1987 jijini Nairobi, walipewa kamera za plastiki za bei nafuu katika mradi ulioitwa Shootback. Walikuwa 31, wavulana na wasichana, na walijifunza kwa kupiga picha za nyumba zao, marafiki zao na viwanja vyao. Mwaka 1999 picha hizo zilitolewa kuwa kitabu. Wageni wengi walikuwa wamepiga picha Mathare kabla yao. Vijana hao walionyesha yale ambayo mgeni hawezi kuyaona, kwa kuwa mlango wa ndani haufunguliwi kila mtu.

Mpigapicha maarufu zaidi wa habari kutoka Kenya naye alianza na kifaa kidogo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alijifunza kwa kamera ya Box Brownie akiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, ziliifanya dunia ichange fedha na chakula. Kamera ya kwanza ilikuwa duni. Jicho ndilo lililokua.

Kifaa cha kuanzia

Simu inatosha kwa miezi ya kwanza. Mwanafunzi azingatie mambo manne. Afute kioo cha lenzi kwa kitambaa safi kabla ya kila kazi, maana mafuta ya vidole huleta ukungu. Asivute picha kwa vidole viwili kwenye skrini, kwa sababu simu nyingi zikivutwa hivyo hukata picha na kuipunguzia ubora. Asogee kwa miguu. Aguse uso wa mtu kwenye skrini ili simu ipime mwanga wa hapo. Na ajifunze kupiga mfululizo kwa kubonyeza mara moja, kwani tendo la mchezo huisha kabla ya kidole kurudi.

Atakayepata kamera ya lenzi za kubadilisha ajue kwamba lenzi ya milimita 70 hadi 200 ndiyo inayotumiwa sana uwanjani, na ya milimita 24 hadi 70 inatosha kwa mkutano, soko na picha za watu. Kamera iliyotumika lakini yenye lenzi nzuri ni bora kuliko kamera mpya yenye lenzi hafifu.

Mwanga wa Kisumu

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na giza huingia haraka. Mpigapicha anayefuata mechi iliyoanza saa kumi ajue kwamba kipindi cha pili atakuwa akipoteza mwanga kila dakika, na aongeze namba ya ISO mapema badala ya kungoja picha zianze kuwa na giza.

Saa sita mchana shida ni nyingine. Jua likiwa utosini, macho hufunikwa na kivuli cha paji la uso. Anayepiga picha ya mtu saa hiyo amsogeze chini ya mti, kwenye baraza, au chini ya daraja la juu la Kondele, mahali ambapo mwanga ni laini na unatoka upande mmoja.

Kuna kosa moja linalowasumbua wanaoanza. Kamera hujaribu kufanya kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Ikiona jezi nyeupe inayong'aa hupunguza mwanga, na uso mweusi wa mchezaji hugeuka kivuli kisicho na macho wala tabasamu. Mwanga upimwe usoni. Jezi ikizidi kung'aa kidogo, msomaji atasamehe. Uso usipoonekana, picha imepotea.

Uwanjani

Mchezo ni mwendo, na mwendo hukamatwa kwa kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi. Mchezaji anayekimbia kwa nguvu anaweza kwenda mita nane kwa sekunde. Pazia likibaki wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, atakuwa amesogea zaidi ya sentimita 13, na mguu wake utaonekana kama moshi. Likifunguka kwa sehemu moja ya 1,000, atasogea milimita nane tu. Kwa hiyo soka, raga na riadha zipigwe kwa kasi ya 1/1000, au isiyopungua 1/500 mwanga ukipungua.

Kasi ndogo nayo ina kazi yake. Mwendesha baiskeli au mashua ya mashindano ikipita mbele, mpigapicha anaweza kuweka 1/60 na kuifuata kwa kamera huku akibonyeza. Akiifuata vizuri, mtu atatulia na mandhari ya nyuma yatageuka mistari, na msomaji atahisi mwendo wenyewe. Hili huhitaji mazoezi. Kati ya picha 20 za mwanzo, akipata moja nzuri ni hatua.

Mahali pa kusimama ni muhimu kuliko kamera. Iwe ni Uwanja wa Moi, Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo, au kiwanja cha shule, mpigapicha aombe ruhusa kwa wasimamizi, kisha akae nyuma ya mstari wa goli, kati ya lango na kibendera cha kona. Hapo wachezaji wanaoshambulia humjia wakimtazama. Anayesimama katikati ya uwanja pembeni hurudi nyumbani na migongo na visogo. Achuchumae au apige goti: mchezaji aliyeruka huonekana ameruka zaidi, na anga hufunika magari na nguo zilizoanikwa nyuma ya uwanja.

Picha ya soka iwe na mpira, na iwe na uso. Kikikosekana kimoja, iwe na sababu nzito. Baada ya bao, wanaoanza hushusha kamera washangilie. Huo ndio wakati wa kuendelea: mfungaji akikimbilia mashabiki, kipa akiwa amekaa chini, kocha akishika kichwa. Mara nyingi mhariri huchagua picha ya kipa, kwa sababu ndiyo inayoeleza matokeo bila kutaja namba.

Kutazama skrini katikati ya mchezo ni kujinyima. Bao huingia wakati mpigapicha anakagua picha ya faulo iliyopita. Ukaguzi usubiri mapumziko.

Kisha kuna kazi ambayo mashabiki hawaioni. Kabla ya filimbi ya kwanza, mpigapicha amwendee meneja wa kila timu na kupiga picha orodha ya wachezaji yenye namba zao. Baada ya kila bao, apige mgongo wa mfungaji ili namba isomeke. Mwisho wa mechi ahakikishe matokeo kwa refa au kwa maofisa wa timu zote mbili. Orodha hiyo ndiyo itakayomwokoa usiku akiandika maelezo, mwili umechoka na majina yamechanganyika.

Habari za mtaa

Habari nyingi za mtaa hazina mwendo. Mkutano wa kujadili maji, uzinduzi wa choo cha shule, kikao cha wadi: yote huishia kwenye picha ya watu waliopanga mstari wakitazama kamera. Picha hiyo ipigwe, maana wahusika huitarajia, lakini isiwe ya pekee.

Kwa kila habari mwanafunzi alete picha tatu. Ya kwanza ni ya mbali, inayoonyesha mahali: barabara, soko au ukumbi, ili msomaji ajue yuko wapi. Ya pili ni ya karibu kiasi, inayoonyesha watu wakifanya jambo. Ya tatu ni ya karibu kabisa: mkono ulioshika risiti ya maji, kiatu kilichozama kwenye tope, daftari la mahudhurio. Habari ya mtaro ulioziba haielezwi na picha ya kiongozi akiunyooshea kidole. Inaelezwa na mama anayepitisha mtoto juu ya ubao ili afike dukani.

Siku za sherehe kubwa, wapigapicha wa taifa na wa mtaa hugawana kazi bila kupangana. Sherehe za Madaraka zilipofanyika Mamboleo tarehe 1 Juni 2021, na mkutano wa Africities ulipokuja Kisumu Mei 2022, jukwaa la wageni halikukosa kamera. Gazeti la jamii halina haja ya kugombania nafasi hiyo. Picha yake iko kwa mwenye tuktuk aliyebeba wageni tangu alfajiri, na kwa mwenye hoteli ndogo aliyeishiwa samaki kabla ya saa saba.

Penye fujo, picha haina thamani kuliko uhai. Mpigapicha asiende peke yake, asivae rangi za chama chochote, asimame pembeni na si kati ya pande mbili, na ajue njia ya kutokea kabla ya kuinua kamera. Penye ajali, amsaidie majeruhi au aite msaada kwanza. Akipiga picha, zionyeshe gari, barabara na waokoaji, bila nyuso za waliofariki. Familia isijue msiba wake kupitia simu ya jirani.

Maelezo chini ya picha

Picha bila maelezo ni uvumi. Maelezo mazuri hujibu maswali matano kwa sentensi mbili: nani, anafanya nini, wapi, lini, na kwa nini jambo hilo lina uzito. Sentensi ya kwanza hueleza kinachoonekana. Ya pili huongeza kisichoonekana, kama vile matokeo ya mechi au idadi ya siku ambazo mfereji umekauka.

Jina ndilo hukosewa zaidi. Katika ukanda huu wa ziwa, majina mengi hufuata wakati wa kuzaliwa. Aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa jua likiwaka ni Ochieng, wa mvua ni Okoth. Timu moja inaweza kuwa na kina Otieno watatu, na mmoja wao amepewa kadi nyekundu. Gazeti likiandika "Otieno" peke yake, limewapa wote watatu kadi hiyo. Mpigapicha aandike majina mawili au matatu, amwombe mhusika ayataje herufi kwa herufi, na amsomee alichoandika. Hatua hii huchukua nusu dakika.

Uzito wa jina huongezeka jambo linapohusu polisi. Mtu aliyekamatwa ni mshukiwa mpaka mahakama iamue. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema hivyo. Mwendesha boda boda aliyesimama karibu na mshukiwa, akaingia kwenye picha bila kuelezwa yeye ni nani, anaweza kuitwa mwizi stejini kesho yake. Wananchi wenye hasira huwa hawasubiri marekebisho ya toleo lijalo. Kama nafasi ya kila mtu kwenye picha haiwezi kuelezwa kwa uhakika, picha ikatwe ibaki na wanaojulikana, au isichapishwe.

Kurekebisha mwanga na kukata pembe za picha kunaruhusiwa. Kuongeza mtu, kufuta mtu, au kumwomba mchezaji arudie kushangilia bao kisha kuiita picha ya mechi ni uongo, na msomaji aliyekuwa uwanjani ataujua.

Idhini, watoto na sheria

Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mtu. Mpigapicha wa jamii hufanya kazi kati ya vifungu hivyo viwili. Mahali pa wazi, kama barabarani au uwanjani penye mechi, mtu hutarajia kuonekana. Ndani ya nyumba, wodi ya hospitali, darasa au matanga, ruhusa iombwe kwanza, na anayekataa aheshimiwe.

Watoto wana ulinzi wa ziada. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaupa uandishi wa habari nafasi yake, pale ambapo habari ina manufaa kwa umma na mwandishi amefuata maadili ya kazi. Haimpi mtu ruhusa ya kukusanya picha za watoto wa shule ili kujaza ukurasa. Katika mashindano ya shule, mpigapicha azungumze na mwalimu mkuu mapema, na shule iwasiliane na wazazi. Mtoto aliyedhulumiwa, au aliye na kesi, asionyeshwe uso wala sare inayomtambulisha.

Mpigapicha naye ana haki. Picha ni mali ya aliyeipiga, isipokuwa aliajiriwa au aliagizwa kuipiga. Kabla ya kufanyia gazeti kazi, wakubaliane kwa maandishi jina la nani litachapishwa, malipo ni kiasi gani, na kama picha inaweza kuuzwa tena.

Kutuma na kuhifadhi

Picha ya upana wa sentimita 15 kwenye karatasi huhitaji takriban pikseli 1,800 kwa upana ili itoke safi. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Itumwe kama faili, au kwa barua pepe. Jina la faili lianze na tarehe, likifuatwa na mahali na jambo. Nakala moja ibaki nje ya simu, kwani simu huibwa na huanguka majini. Picha ya leo ya mtaro itakuwa ushahidi baada ya miaka mitatu, endapo itapatikana.

Zoezi la wiki nne

Wiki ya kwanza, mwanafunzi apige picha za watu watano wakiwa kazini kati ya soko la Kondele na hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi huiita Russia. Aombe ruhusa, na aandike majina kamili.

Wiki ya pili, ahudhurie mechi moja na alete picha tatu pekee: tendo, furaha na huzuni, kila moja ikiwa na jina, namba ya jezi na matokeo.

Wiki ya tatu, achague tatizo moja la mtaa na kulieleza kwa picha ya mbali, ya kati na ya karibu, bila kiongozi yeyote ndani yake.

Wiki ya nne, achapishe picha zote kwenye karatasi na kuwarudishia waliomo. Awaulize maswali mawili: jina limeandikwa sawa? Na je, ndivyo ilivyokuwa? Majibu yao ndiyo alama za mtihani. Mpigapicha aliyetoka mbali hupanda basi akaondoka. Wa Kondele atapanda boda boda ya mtu aliyempiga picha jana, na atanunua omena kwa mama aliye ukurasa wa tatu.